"Kazi hiyo inaajiriwa wapi?" Binti wa Mzumbe na ndoto ya ushauri wa vinasaba

Mzumbe. Mjomba alishuka kutoka Mgeta na gunia la karoti. Akaliacha mlangoni, akaitikia shikamoo za watoto, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe na kuomba maji. Kila mtu pale nyumbani alijua kuwa hakuja kwa ajili ya karoti.

Alikuja kwa ajili ya mpwa wake, binti wa miaka 22 anayemaliza mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shahada ya bioteknolojia na sayansi za maabara. Binti alikuwa amekataa kwenda kusaidia dukani kwa mjomba wakati wa likizo ndefu, kazi ambayo ingempa fedha za matumizi ya mwaka ujao. Alitaka likizo yote aitumie kliniki ya watoto wenye selimundu mjini Morogoro, bila malipo, akipanga mafaili na kuzungumza na akina mama wanaosubiri kwenye benchi.

Kwa Waluguru, mjomba si mgeni wa kupita. Ukoo hufuata upande wa mama, na jambo zito la mtoto, iwe posa au shule, mara nyingi halipiti bila kaka wa mama kusikilizwa.

"Haya mpwa wangu, hiyo kazi unayoitaka inaitwaje?"

"Ushauri nasaha wa vinasaba, mjomba."

"Na inaajiriwa wapi?"

Binti hakuwa na jibu fupi. Wazazi wengi waliosoma wasingekuwa nalo pia.

Nyumba yao iko Changarawe, karibu na Chuo Kikuu Mzumbe, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Iringa. Mama anauza mboga na nyanya kwa wanafunzi, baba ni fundi uashi. Familia iliomba majina yasitajwe, kwa sababu mtoto wao wa mwisho, wa miaka 11, ana selimundu na wenzake shuleni hawajui anaumwa nini. Huyo mdogo ndiye chanzo cha yote.

Kazi yenyewe ni ipi

Mshauri nasaha wa vinasaba hukaa na familia yenye ugonjwa wa kurithi, au inayohofia kuwa nao. Huuliza habari za ukoo kwa vizazi visivyopungua vitatu na kuchora mti wa familia. Hueleza ugonjwa unavyopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa mtoto, husaidia kuamua kama kipimo kinahitajika na ni kipi, kisha hubaki na familia wakati majibu yanapotoka. Vipimo husomwa na watu wa maabara na dawa huandikwa na daktari.

Jina la kazi hii lilibuniwa Marekani mwaka 1947 na Sheldon Reed, mtaalamu wa vinasaba wa Minnesota, aliyetaka huduma hiyo itengane na siasa za wakati ule za kuamua nani azae na nani asizae. Programu ya kwanza ya uzamili ilifunguliwa mwaka 1969 katika chuo cha Sarah Lawrence, New York. Hadi leo, karibu kote ilipo fani hii, mlango wa kuingilia ni shahada ya uzamili. Kwa hiyo mzazi akipekua mwongozo wa udahili wa TCU akitafuta shahada ya kwanza yenye jina hilo na asiione, asidhani mtoto amemdanganya.

Na si kitu kigeni kabisa kwetu. UKIMWI ulipotikisa nchi, maneno "ushauri nasaha" yaliingia kila nyumba. Watu walikwenda vituo vya Angaza, na Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani kuzindua kampeni ya kitaifa. Taifa zima lilijifunza kwamba kipimo bila mtu wa kuzungumza naye, kabla na baada, ni nusu ya huduma. Kwa magonjwa ya kurithi somo hilo bado halijazoeleka, na maelezo mengi hutolewa kwa haraka na daktari au muuguzi ambaye nje ya mlango wake kuna foleni.

Foleni hiyo ni ndefu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Makadirio yanayotumika sana ni watoto 11,000 kila mwaka. Programu ya selimundu iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2004, ikiongozwa na Profesa Julie Makani, imefuatilia maelfu ya wagonjwa na kuiweka nchi kwenye ramani ya utafiti wa ugonjwa huu. Lakini nyuma ya kila mtoto kliniki kuna baba na mama wanaoulizana usiku, kwa sauti ya chini, umetoka kwa nani.

Umetoka kwa nani

Nyumbani kwa binti huyu swali hilo halikuulizwa kwa sauti ya chini. Mtoto alipokuwa na miezi tisa mikono na miguu ilivimba, akalia siku tatu. Walitibu malaria, wakatibu tena malaria, wakapelekwa kwa mganga. Kipimo kilipofanyika hatimaye, shangazi mmoja wa upande wa baba alisema waziwazi mbele ya wageni: ukoo ni wa mama, basi na ugonjwa ni wa mama.

Mama aliishi na sentensi hiyo miaka kadhaa. Anasema alianza kukwepa misiba ya ukweni, maana huko ndiko maneno yalikokuwa yakirudi.

Vinasaba havifuati ukoo namna hiyo. Mtoto mwenye selimundu amepokea kinasaba kimoja cha ugonjwa kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Mwenye kimoja tu, anayeandikwa AS, kwa kawaida haumwi na huenda asijue maisha yake yote. Wazazi wawili wa AS wakipata mimba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa, mbili kati ya nne za kuzaa anayebeba kama wao, na moja kati ya nne ya kuzaa asiyekuwa nacho kabisa.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea hesabu. Husikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani aliyeugua tayari amelipa deni la wenzake watatu. Haiko hivyo. Ni kama kurusha sarafu mbili: zikianguka leo hazikumbuki zilivyoanguka jana. Zipo familia zenye watoto watatu wagonjwa na zipo zisizo na hata mmoja, na wazazi ni wale wale AS kwa AS.

Jambo lililomtuliza mama, binti anasema, halikuwa hesabu. Lilikuwa historia. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watu wenye kinasaba kimoja cha selimundu wana kinga zaidi dhidi ya malaria. Ndiyo sababu kinasaba hiki kimeenea mahali ambapo malaria imeua watu kwa vizazi vingi, mabonde ya Morogoro yakiwemo. Binti alimweleza mama yake hayo jikoni, wakimenya ndizi. Mama akauliza: "Kwa hiyo kilituweka hai kwanza?" Akaendelea kumenya.

Ualbino nao hupita njia hiyo ya wazazi wote wawili, na huko nako mama ndiye hutupiwa maneno, hata ya kuwa alitoka nje ya ndoa. Hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, ni tofauti. Kinasaba chake kiko kwenye kromosomu X, hivyo mama anaweza kukibeba bila kuumwa sana na mtoto wake wa kiume akaugua. Huko kweli upande wa mama una uzito wake, na mshauri mzuri lazima aweze kusema hivyo bila kumgeuza mama mkosaji. Sayansi yake ni ya ukurasa mmoja wa kitabu. Kuisema mbele ya mama mkwe ndiyo kazi inayosomewa.

Shahada gani ya kwanza

Mjomba alitaka kujua kwa nini mpwa wake hakusomea udaktari tangu mwanzo. Jibu la kweli ni kwamba alama za kidato cha sita hazikutosha, na nafasi ya SUA ilipatikana. Binti hakuona haya kulisema. Aliyemaliza PCB au CBG bila kupata udaktari si mtu aliyefeli maisha, ingawa majirani wengi hudhani hivyo.

Programu za uzamili za fani hii hupokea watu kutoka njia mbalimbali: bioteknolojia, biolojia ya molekuli kama inayofundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uuguzi, udaktari, saikolojia, wakati mwingine ustawi wa jamii. Wanachotazama ni kama mwombaji amesoma jenetiki, biokemia, takwimu na saikolojia, na amefaulu. Kila njia ina pengo lake. Binti wa SUA ana jenetiki ya kutosha lakini ratiba yake haina saikolojia. Amelijaza kwa kozi za bure mtandaoni, akisoma usiku bando likiwa nafuu. Muuguzi au mwanafunzi wa ustawi wa jamii angekuwa na pengo la upande wa pili, yaani jenetiki na takwimu.

Takwimu hasa ndilo somo ambalo wanafunzi wengi hulisoma ili tu lipite. Kwa fani hii ni kosa. Mshauri anayebabaika kwenye nafasi moja kati ya nne atamwambia mzazi uongo bila kukusudia.

GPA ina uzito, na ya Tanzania huhesabiwa kwa tano. Anayeomba nje ajue kuwa baadhi ya vyuo vya Amerika Kaskazini hutaka matokeo yatafsiriwe kwenye mfumo wao wa nne kupitia taasisi za tathmini, jambo linalochukua muda na fedha. Kuanzia 3.5, daraja la pili la juu, mtu ana pa kusimamia, ingawa kila chuo kina kiwango chake.

Nje ya darasa

Ugomvi wa chini ya mwembe ulikuwa hapa. Wazazi wengi wa Tanzania huona GPA kuwa ndiyo maandalizi, na kujitolea kuwa ni kupoteza nauli. Kwa fani nyingine huenda wana hoja. Kwa hii, fomu za maombi huuliza moja kwa moja: umewahi kukaa na watu walio katika shida, wapi, muda gani, chini ya usimamizi wa nani, na ulijifunza nini? Mwenye GPA ya 4.6 asiye na jibu la swali hilo hujikuta nyuma ya mwenye 3.8 aliyekaa miezi kadhaa kwenye kliniki, kituo cha ushauri wa VVU au nyumba ya kulelea wagonjwa.

Binti huyu alianza kidogo kidogo mwaka wa kwanza, Jumamosi mbili kwa mwezi. Muuguzi mmoja wa kliniki alimpa ushauri ambao hakuutegemea: anunue daftari, aandike tarehe, saa alizokaa na aina ya shughuli, lakini asiandike jina la mgonjwa hata mmoja. Daftari hilo sasa lina kurasa 40 na zaidi, na ndilo litakaloandikia barua yake ya maombi.

Muuguzi huyo huyo alimfundisha kuchora mti wa familia: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari kati yao kwa ndoa, watoto chini, alama ikikolezwa wino kwa aliye mgonjwa na kukatwa mkwaju kwa aliyefariki. Akamwambia aanze na familia yake.

Jioni moja mezani alimchorea mama. Bibi na babu wa pande zote, wajomba, mashangazi, yeye, kaka yake na mdogo wao. Mama alitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole kati ya duara la binti na mraba wa kaka yake.

"Hapa kuna mwingine. Huyu usimsahau."

Alikuwa mtoto wa kike aliyefariki kabla ya kutimiza mwaka, enzi binti akiwa na miaka miwili. Alivimba mikono, akaambiwa ni malaria. Binti hakuwahi kulisikia jina lake. Alichora duara dogo, akalikata mkwaju, na usiku ule hakuna aliyewasha redio.

Walio kwenye fani husema mti wa familia ni kipimo cha kwanza na cha bei rahisi kuliko vyote. Lakini mchoraji wake lazima awe tayari kwa kitakachotokea. Unaweza kufichua ndoa ya kwanza ambayo mke wa sasa haijui. Kipimo cha damu nacho kinaweza kuonyesha kuwa baba wa nyumbani hakuweza kuwa baba mzazi. Mwanafunzi wa miaka 22 hatakiwi kubeba hayo peke yake, na asijifanye mshauri kabla ya kusomea. Kliniki anasikiliza, anapanga mafaili, anawapeleka watu kwa muuguzi. Mzazi ana haki ya kuuliza ni nani anayemsimamia mwanawe.

Kuna jambo jingine linalohitaji mazoezi, nalo liko ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili tunasema "ushauri", na anayekwenda kwa mshauri anategemea kuambiwa la kufanya. Kungwi husema. Mshenga husema. Mzee wa ukoo husema na mambo yakaisha. Mshauri wa vinasaba amefundishwa kutosema "oaneni" wala "msioane", "zaeni tena" wala "acheni". Hueleza, huuliza, kisha huacha watu waamue kulingana na imani yao, uwezo wao na moyo wao. Mama mmoja kwenye benchi alimuuliza binti kama aachane na mchumba mwenye AS. Binti aliposema hawezi kumwamulia, mama yule alikasirika: "Sasa umekaa hapa kufanya nini?"

Halafu kuna umri. Mtu mwenye watoto watano hapendi kuelezwa habari za uzazi na msichana asiyeolewa. Binti amejifunza kuanza na shikamoo, kuuliza habari za shamba, kukaa chini kidogo kuliko anayezungumza naye, na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda mwanzoni.

Mambo mawili zaidi ya chuoni. Mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho unaweza kuchaguliwa uwe karibu na fani, na barua za mapendekezo huandikwa na wahadhiri. Mhadhiri anayemjua mwanafunzi kwa namba ya usajili tu ataandika barua nyembamba, hata kama alimpa A. Inafaa wamfahamu mapema, kwa maswali ya maana baada ya kipindi.

Wapi pa kwenda, na kwa fedha gani

Barani Afrika, njia iliyokomaa zaidi iko Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilitangulia, na Chuo Kikuu cha Cape Town kikafuata. Hapo kuna mtego ambao wazazi wengi hawauoni hadi barua ya kukataliwa ifike. Mfumo wa Afrika Kusini huweka mwaka wa "Honours" kati ya shahada ya kwanza na uzamili. Shahada ya miaka mitatu ya Tanzania inaweza kuonekana pungufu kwa mwaka mmoja. Ni vizuri kukiandikia chuo mapema, mwaka wa pili au wa tatu, kuuliza kama shahada ya mwanao inakubalika ilivyo, na kuhifadhi jibu hilo. Anayetaka kufanya kazi huko baadaye atahitaji pia kusajiliwa na baraza la taaluma za afya la nchi hiyo, HPCSA.

Marekani na Kanada programu nyingi ni za miaka miwili. Maombi hufungwa kwa kawaida kati ya Desemba na Januari, usaili hufuata miezi ya mwanzo wa mwaka, na tangu 2018 kuna mfumo mmoja wa kulinganisha: mwombaji hupanga vyuo anavyovitaka, vyuo hupanga waombaji, kompyuta hutoa jibu moja mwezi Aprili. Mtihani wa GRE, uliokuwa ukiwatisha wengi, umeachwa na programu nyingi. Ada ndiyo inayotisha, makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka ukijumlisha na kula na kulala. Uingereza nako kozi zipo.

Fuko la wazazi wa Changarawe halifiki huko, na binti hana matumaini ya uongo. Anafuatilia ufadhili wa Jumuiya ya Madola na ule wa Mastercard Foundation unaosomesha vijana wa Kiafrika Cape Town. Chevening ya Uingereza nayo iko kwenye orodha, lakini hiyo hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na kurudi nyumbani baada ya masomo. Kwa hiyo mpango wake si kuruka moja kwa moja. Ni kumaliza, kupata kazi ya maabara au ya utafiti mahali panapogusa magonjwa ya kurithi, kukaa miaka miwili mitatu, ndipo aombe. Ucheleweshaji huo si hasara. Vyuo vingi hupenda mtu aliyewahi kufanya kazi.

Na ajira? Swali la mjomba lilikuwa la haki. Mzazi anayefungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira asitarajie kukuta kada hii kama anavyokuta ya muuguzi au mteknolojia wa maabara. Anayerudi na shahada hiyo leo huenda akaanzia kwenye utafiti, chuoni, au kwenye hospitali kubwa akiwa na cheo chenye jina jingine. Kazi inazidi kuwepo kuliko nafasi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na mwishoni mwa mwaka huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya selimundu inayohariri vinasaba. Kabla ya upandikizaji ndugu hupimwa kuona nani anaweza kuchangia. Yupo lazima mtu wa kumweleza mtoto wa miaka minane kwa nini yeye anafaa na dada yake hafai, au mzazi anayefikiria kuzaa mwingine ili apatikane mchangiaji. Leo anayefanya hivyo hufanya pamoja na kazi zake nyingine kumi.

Ni kamari, basi, na ni bora mzazi aambiwe hivyo. Shahada ya kwanza ya bioteknolojia, uuguzi au maabara hubaki na thamani yake hata mlango wa uzamili usipofunguka, na hiyo ndiyo sababu ya kutoruka hatua hiyo.

Kipimo chake mwenyewe

Limebaki swali ambalo hakuna fomu inayoliuliza. Mdogo wake ni SS, kwa hiyo wazazi wote wawili wanabeba. Binti haumwi, na kwa hesabu ile ile ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa AS. Hajapima.

Mama anataka apime kesho, kabla mchumba hajatokea. Baba anasema aachwe. Kwa watoto wadogo wasioumwa, msimamo wa wataalamu wengi ni kutowapima kujua tu kama wanabeba, bali kusubiri wakue waamue wenyewe. Binti ni mtu mzima, uamuzi ni wake. Anapaswa tu kujua kipimo anachoomba: kile cha haraka cha kuangalia kama chembe za damu zinajikunja hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha ni cha kutenganisha aina za himoglobini, na ndicho cha kuulizia kwa jina maabara. Mzazi anayepeleka mchumba wa mwanawe kupima azingatie hilo, maana wengi hurudi na karatasi yenye neno moja, "chanya", wakavunja ndoa kwa kutoielewa.

Anasema atapima likizo hii, lakini kwa mpangilio: atakaa kwenye kiti cha mteja, aulizwe yale yanayoulizwa wengine, asubiri kama wanavyosubiri. Hataki kuja kumwambia mtu "usiogope" kabla ya yeye mwenyewe kuogopa.

Chini ya mwembe mazungumzo yalikwenda hadi jua likashuka nyuma ya milima. Mjomba aliuliza mara tatu habari ya mshahara. Aliuliza pia, bila kumtazama dada yake, kama na yeye anaweza kuwa anabeba, na watoto wake wa Nyandira. Binti akajibu kuwa inawezekana, na kwamba kliniki hupokea watu wazima.

Walikubaliana hivi: mwezi wa kwanza wa likizo atakuwa dukani, miezi inayobaki kliniki, na nauli ya kliniki mjomba atatoa nusu.

"Na ukishapima," mjomba alisema akiinuka, "uniletee majibu."

"Mjomba, nitamwambia mama kwanza. Kisha nitaona."

Mzee alitaka kusema kitu, akaacha. Mama alikuwa ameshafungua gunia na kugawa karoti mafungu matatu: la nyumbani, la kuuza, na fungu dogo kwenye mfuko wa rambo kwa ajili ya yule muuguzi. Jumamosi binti atapanda nalo daladala ya Msamvu.